Ada ya Mwandaaji Haipiti Kwenye Marejesho ya Mteja

Swali: Mtaalamu, ninaishi Texas, na huu ni msimu wangu wa pili wa kuandaa ritani za kodi za wenzetu wanaozungumza Kiswahili. Nina namba ya PTIN, ile inayotakiwa kwa kila anayeandaa ritani kwa malipo, na kibali cha EFIN cha kutuma ritani kwa mtandao, lakini si mhasibu mwenye leseni wala wakili. Wateja wangu wengi hawana fedha mkononi, huniambia, "Wewe kata humohumo." Mwenzangu aliyenitangulia katika kazi hii huchukua asilimia 10 ya marejesho, yaani fedha za kodi anazorudishiwa mteja, huyaelekeza kwenye akaunti yake, kisha huwapa wateja salio. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba mahakama ilikwisha kuinyang'anya IRS, yaani Idara ya Mapato ya Marekani, mamlaka juu ya waandaaji wasio na leseni. Je, ni kweli? Na mteja asiyelipa, ninaweza kuzuia karatasi zake na ritani yake mpaka alipe?

Jibu: Ndugu yangu, mwenzako amekueleza jambo moja la kweli, kisha akalitumia kufunika mawili yasiyo ya kweli. Hukumu anayoisema ipo. Lakini haimruhusu kuchukua asilimia ya marejesho, wala haimruhusu kupokea marejesho ya mtu mwingine kwenye akaunti yake. Kabla sijaingia ndani, shika jambo hili, kwa kuwa karibu kila kanuni nitakayoitaja inatoka humo: ada ni deni ambalo mteja anadaiwa na wewe, na marejesho ni deni ambalo serikali ya Marekani inadaiwa na mteja. Hayo ni madeni mawili yenye wadai wawili. Sheria inataka deni la pili lisiwe kipimo cha la kwanza, na fedha za deni la pili zisipite mikononi mwako ili ujilipe la kwanza.

Tuanze na hukumu yenyewe. Mwaka 2011 Idara ya Mapato, IRS, ilitunga kanuni za kumtaka mwandaaji wa ritani kwa malipo asiye na leseni ya kitaalamu afanye mtihani na kusoma saa 15 za mafunzo kila mwaka. Waandaaji watatu wa kujitegemea walikwenda mahakamani, na tarehe 11 Februari 2014 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ya Washington, D.C., katika kesi inayojulikana kwa jina la Loving, ilikubaliana nao. Hoja yake iliegemea maneno ya sheria: sheria ya 1884 inaipa Wizara ya Fedha uwezo wa kuwasimamia watu wanaowawakilisha wengine mbele yake, na kumjazia mtu ritani si kumwakilisha. (Sheria hiyo kongwe ilitungwa wakati wizara ilipokuwa imefurikwa na mawakala wa watu waliodai fidia ya farasi na mali nyingine zilizopotea vitani, ndiyo maana ilikuwa vigumu kuinyoosha mpaka ifike kwenye meza yako.) Miezi mitano baadaye, katika kesi ya Ridgely, jaji wa mahakama ya wilaya ya huko huko Washington alitumia hoja hiyohiyo kusema kwamba wizara haikuwa na uwezo wa kuwakataza wahasibu kutoza ada ya matokeo, ile inayotegemea kitakachorudishwa, kwa madai ya kawaida ya marejesho, yaani madai yanayowasilishwa baada ya ritani ya awali kupelekwa na kabla IRS haijaanza kuikagua.

Hukumu zote mbili zilihusu Waraka 230, ambao ndio kitabu cha maadili cha wanaofanya kazi mbele ya IRS: mawakili, wahasibu wenye leseni ya CPA, mawakala walioandikishwa na wengine wachache. Kwa hiyo mwandaaji kama wewe, mwenye PTIN peke yake, kwa kawaida habanwi na waraka huo. Ninasema kwa kawaida kwa sababu kuna mlango mmoja ambao watu huuingia bila kutazama juu. Ukijiunga na mpango wa hiari wa mafunzo ya kila mwaka wa IRS, ule unaoitwa AFSP kwa kifupi, unaweka saini kwamba utazifuata kanuni za sehemu ya pili ya Waraka 230, na humo ndimo vilimo vifungu vya ada, vya kurudisha kumbukumbu za mteja na vya hundi za marejesho. Waulize wenzako waliojiunga kama walisoma walichokitia saini. Wengi watakujibu kwamba walibofya tu.

Sasa mambo ambayo mwenzako hakuyataja. Mahakama haikugusa adhabu zilizomo ndani ya Sheria ya Mapato yenyewe. Adhabu hizo zinamhusu kila mtu anayeandaa ritani kwa malipo, awe profesa wa sheria au awe anafanya kazi hiyo usiku baada ya zamu ya ghala. Wala haikugusa masharti ya kutuma ritani kwa mtandao. EFIN yako hukuipata kwa kuzaliwa: uliiomba, ukachunguzwa, na ulipokubaliwa ulikubali pia kufuata Chapisho 1345, ambalo ndilo mwongozo wa watoa huduma wote wa kutuma ritani kwa mtandao. Chapisho hilo linakataza waziwazi mtoa huduma kukokotoa ada yake kwa asilimia ya marejesho, au kwa kutumia tarakimu yoyote iliyomo ndani ya ritani. Angalia upana wa katazo hilo. Asilimia ya marejesho haifai, na asilimia ya mapato haifai, na hata ujanja wa kusema "dola 50 kwa kila elfu ya marejesho" ni asilimia iliyovaa kanzu nyingine.

Huenda mwenzako akasema kwamba atatuma karatasi kwa posta ili aepuke chapisho hilo. Hataweza kwa muda mrefu. Mwandaaji anayetarajia kuandaa ritani 11 au zaidi za watu binafsi katika mwaka analazimika na sheria kuzituma kwa mtandao, isipokuwa kwa sababu chache zinazokubalika kama vile mteja mwenyewe kuchagua karatasi. Mtu anayeishi kwa kazi hii hupita kumi na moja kabla Februari haijaisha.

Kwa nini wamekazana hivyo juu ya asilimia? Chukua wateja wawili waliokaa mbele yako mchana mmoja. Wa kwanza ni mfanyakazi mwenye W-2 moja, yaani fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, na watoto watatu, ambaye kwa nafuu ya kodi ya wafanyakazi wa kipato cha chini, EITC, na nafuu ya watoto anarudishiwa dola 8,000. Wa pili ni kijana asiye na mtegemezi, mwenye W-2 mbili, anayerudishiwa dola 400. Kazi ya yule kijana inaweza hata kuwa ndefu zaidi, kwa kuwa mwajiri mmoja alikosea jimbo. Kwa asilimia 10, mama au baba wa watoto watatu analipa dola 800 na kijana analipa 40. Hakuna saa, wala utaalamu, wala hatari inayoeleza tofauti ya dola 760. Kinachoieleza ni kwamba wa kwanza ana watoto na ni maskini vya kutosha kustahili nafuu. Kisha geuza upande wa pili: mwandaaji huyohuyo akimwongeza mtegemezi mmoja asiyekuwepo, au akimbunia mteja biashara ndogo ili mapato yaangukie pale nafuu inapokuwa kubwa zaidi, ada yake inapanda papo hapo. Kishawishi hicho ndicho kinachoogopwa. Mteja kusema "nimekubali" hakukiondoi, kwa sababu anayelindwa hapo si mteja peke yake. Hazina ya umma nayo imo.

Na kishawishi hicho kina gharama kwa mwandaaji mwenyewe. Chini ya kifungu cha 6694 cha Sheria ya Mapato, anayeshusha kodi ya mteja kwa msimamo usio na msingi wa kutosha hutozwa dola 1,000 au nusu ya alichopata kwa ritani hiyo, kipi kikubwa. Akifanya kwa makusudi au kwa kupuuza kanuni, ni dola 5,000 au asilimia 75. Unaona jinsi ada yenyewe inavyogeuka kuwa kipimo cha adhabu. Tuliliona jambo hili kwa wingi baada ya janga la Covid, wakati makampuni ya kukusanya madai ya nafuu ya kodi kwa waajiri waliobakiza wafanyakazi yalipowazungukia wenye biashara yakidai sehemu ya fedha zitakazorudishwa. IRS ilionya juu ya ada za namna hiyo, na Septemba 2023 ikasimamisha kushughulikia madai mapya.

Kilicho halali ni kingi, nacho hakihitaji ujanja. Unaweza kutoza ada moja kwa ritani nyepesi, ada kwa kila fomu au jedwali linalohitajika, au ada kwa saa. Unaweza kudai malipo ya awali kabla ya kuanza, au kukubali kulipwa kwa mafungu. Hakikisha tu kwamba fomu unazotoza ni zile ambazo ritani inazihitaji kweli, maana kuna ofisi ambako ritani ya W-2 moja hutoka na ankara ndefu kama orodha ya mahari. Jambo moja dogo ambalo wengi hulikosea: Chapisho 1345 halikuruhusu kutoza ada ya pekee kwa sababu mteja amechagua marejesho yaingie benki moja kwa moja. Na kama umebandika bei zako ukutani au kwenye simu, ziheshimu. Wale wanaobanwa na Waraka 230 wanatakiwa kuzishika bei walizotangaza kwa angalau siku 30 baada ya tangazo la mwisho, nami sioni kwa nini asiyebanwa ajiwekee kipimo cha chini zaidi.

Nije kwenye akaunti, ambako mwenzako yuko katika hatari kubwa kuliko anavyodhani. Fungua Fomu 1040, ambayo ndiyo ritani ya mtu binafsi, ukurasa wa pili, mstari wa 35. Sehemu a ni kiasi cha marejesho, b ni namba ya benki, c ni aina ya akaunti, d ni namba ya akaunti. Maelekezo ya IRS ya kujaza mistari hiyo yanasema kwamba marejesho yaingizwe kwenye akaunti iliyo kwa jina la mlipakodi, la mwenzi wake, au la wote wawili, na yanamtaja mwandaaji kwa mfano wa akaunti isiyofaa. Kuyagawa kwa Fomu 8888, sehemu kwa mteja na sehemu kwako, hakubadilishi kitu: fomu hiyo ilitengenezwa ili mtu agawe fedha zake kati ya akaunti zake mwenyewe.

Msimu mmoja alinijia mama aliyekuwa ameandaliwa ritani kwingine. Mkononi alikuwa na nakala aliyopewa, safi kabisa, yenye namba ya akaunti yake, lakini pale panapotakiwa saini na PTIN ya mwandaaji palikuwa patupu. Tulipovuta taarifa ya akaunti yake ya IRS, kwenye msimbo 846, ambao ndio unaoonyesha marejesho yaliyotolewa, palisomeka dola 5,260. Benki yake ilikuwa imepokea 4,100. Ritani iliyotumwa haikuwa ile aliyopewa: ilibeba Fomu 8888 ambayo hakuwahi kuiona, na dola 1,160 zilikwenda kwenye akaunti asiyoijua. Alipouliza, aliambiwa kwamba hiyo ndiyo "ada ya kawaida". Kwa hali ya namna hiyo kuna Fomu 14157 ya kumlalamikia mwandaaji, na 14157-A pale ritani au marejesho yalipobadilishwa bila ridhaa ya mwenyewe. Tulizijaza zote mbili siku hiyo. Mtu anayefanya hivyo ametoka kwenye mjadala wa ada. Yuko kwenye wizi na ritani ya uongo, na huko hakuna hukumu ya Loving itakayomwokoa.

Hata yule anayefanya kwa uwazi, kwa ridhaa ya mteja, anajenga juu ya mchanga. Tangu 2015 IRS haiweki zaidi ya marejesho matatu kwenye akaunti moja kwa mwaka. Ya nne na kuendelea kwa kawaida yamekuwa yakigeuzwa hundi ya karatasi kwa jina la mlipakodi. Hundi hiyo ikifika, mwandaaji hushawishika kuisaini nyuma na kuipeleka benki, na hapo ndipo anapokutana na kifungu cha 6695(f). Kifungu hicho kinamkataza mwandaaji yeyote, mwenye leseni au asiye nayo, kusaini nyuma ya hundi ya marejesho ya mteja au kuigeuza fedha kwa njia yoyote, yeye mwenyewe au kwa mkono wa wakala wake. Adhabu iliyoandikwa ni dola 500 kwa kila hundi, lakini hupandishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei na sasa imezidi 600. Ruhusa iliyopo ni nyembamba: ukiwa na idhini ya mteja unaweza kuandika jina lake nyuma ya hundi ili iwekwe kwenye akaunti yake yeye, ambayo jina lako halimo. Kwa wanaobanwa na Waraka 230, kifungu cha 10.31 kinakwenda mbali zaidi na kutaja kwa maneno malipo ya kielektroniki na akaunti yoyote ambayo mhusika au kampuni yake anaimiliki au kuiendesha.

Ipo njia moja halali ambayo kwa macho ya mteja inafanana na "kata humohumo", nayo ni huduma ya benki ya kupitisha marejesho. Benki iliyokubaliana na programu yako hufungua akaunti ya muda kwa ajili ya mteja. Marejesho huingia humo, benki hukata gharama yake, hukulipa ada yako iliyokwisha kuandikwa, na salio humwendea mteja. Tofauti na anachokifanya mwenzako ni kwamba fedha hazipiti kwako, kiasi chako kilijulikana kabla, na mteja ametia saini makubaliano na benki. Chapisho 1345 linaruhusu kutoza kiasi cha kumsaidia mteja kuomba huduma hiyo, mradi kiwe kilekile kwa wateja wote na kisihusiane na ukubwa wa marejesho. Vilevile usipokee kutoka benki malipo yanayopanda na kushuka kwa ukubwa huo. Na kwa kuwa taarifa za ritani zinakwenda benki, unahitaji idhini ya maandishi ya mteja iliyotolewa kabla, kwa umbo linalotakiwa na kanuni za kifungu cha 7216, kinacholinda taarifa za ritani.

Mimi binafsi huiona njia hiyo kuwa ya mwisho. Mteja analipa ili akopeshwe uvumilivu wa wiki tatu. Mtangulizi wake, yaani mkopo wa kutangulia marejesho uliotozwa riba, ulikufa kwa upande wa mabenki baada ya msimu wa 2012, hasa baada ya IRS kuacha kuwapa wakopeshaji dalili ya kama mteja ana madeni yatakayokatwa. Kinachotolewa siku hizi ni chepesi zaidi, lakini mteja anayeweza kukulipa kwa mafungu mawili bila riba hana haja nacho. Kama utamwelekeza huko, mweleze kwa Kiswahili kwamba akaunti hiyo ina gharama, kwamba anaweza kupata marejesho yake bila kuipitia, na kwamba kama ni mkopo, basi ni mkopo.

Swali lako la mwisho, la kuzuia karatasi, linahitaji kutenganisha vitu ambavyo watu huvichanganya katika bahasha moja. W-2, kadi za hifadhi ya jamii, barua za IRS na kila alichokuletea mteja ni vyake. Akivitaka, mrudishie, hata kama hajakulipa senti. Chukua nakala zako kwanza. Waraka 230, katika kifungu cha 10.28, unasema kwamba mgogoro wa ada kwa kawaida haumwondolei mtaalamu wajibu huo, na hata pale sheria ya jimbo inapomruhusu kuzuia baadhi ya kumbukumbu, zile zinazopaswa kuambatishwa kwenye ritani lazima zitoke na nyingine mteja aruhusiwe kuziona na kuzinakili. Wewe hubanwi na kifungu hicho, lakini sijui wakili ambaye angependa kumtetea mtu aliyezuia kadi ya hifadhi ya jamii ya mtoto kwa ajili ya ada.

Kazi uliyoiandaa wewe ni suala jingine. Kifungu hichohicho cha 10.28 kinakubali kwamba ritani iliyoandaliwa na mtaalamu, ambayo ameizuia akisubiri mteja alipe ada ya kazi hiyo, haihesabiwi kuwa kumbukumbu ya mteja. Kwa hiyo ritani iliyomo kwenye kompyuta yako, ambayo bado hujamkabidhi mteja aitie saini, unaweza kuizuia. Lakini saa inaanza kugonga pale unapomkabidhi. Kifungu cha 6107 kinakutaka umpe mteja nakala kamili ya ritani si baadaye kuliko unapomletea aitie saini, na kutofanya hivyo kuna adhabu ya dola 50 kwa msingi, ambayo kwa ritani zilizowasilishwa 2025 ni 60 kwa kila kosa. Akishasaini Fomu 8879, ambayo ndiyo idhini ya kutuma, na ukawa na kila kitu kinachohitajika, Chapisho 1345 linakutaka utume ndani ya siku tatu za kalenda. Kukaa nayo zaidi huitwa kurundika ritani, na kuirundika kwa sababu ya ada ni kurundika vilevile.

Ndiyo maana mpangilio wa dakika kumi za mwisho ofisini una uzito kuliko ukali wa barua ya madai utakayoandika Mei. Ninachofanya mimi ni hiki: namweleza mteja matokeo kwa mdomo, namwonyesha ankara, tunamaliza suala la malipo au tunasaini makubaliano ya mafungu, ndipo ritani inatoka kwenye printa pamoja na Fomu 8879, anasoma, anasaini, anaondoka na nakala yake, na ninatuma siku hiyohiyo. Nikikubali kumwamini mtu alipe baadaye, nimekubali. Ritani yake inakwenda kama ya mwingine, na ninabaki na deni la kawaida.

Deni hilo nalo lina mipaka katika kudaiwa. Kifungu cha 7216 kinafanya kutoa au kutumia taarifa za ritani pasipo ruhusa kuwa kosa la jinai, lenye faini hadi dola 1,000 na kifungo hadi mwaka mmoja, na kifungu cha 6713 kinaongeza faini ya kiraia ya dola 250 kwa kila tukio. Kanuni zake zinakuruhusu kutumia, bila idhini ya ziada, zile taarifa ambazo mteja alikupa kwa ajili ya kulipa ada, kwa kiwango kinachohitajika kukamilisha malipo: jina, namba ya kadi aliyokupa, tarehe ya kadi kuisha, na kiasi anachodaiwa. Taarifa ambazo hakukupa kwa ajili ya kulipa hazimo katika ruhusa hiyo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Namba ya akaunti iliyo kwenye mstari wa 35d alikupa ili apokee marejesho. Kuitumia kumtoza ada, kwa kuwa unaijua na unajua fedha zimeingia, ni matumizi ya taarifa za ritani bila ruhusa. Ukitaka kutoza akaunti yake tarehe fulani, mwombe namba hiyo upya, kwa maandishi yanayosema kwamba ni kwa ajili ya ada, kiasi gani na lini. Ukienda mahakama ya madai madogo, peleka makubaliano, ankara na ushahidi kwamba kazi ilikamilika. Ritani yenyewe iache kabatini mpaka wakili akuambie kwamba inahitajika.

Kuhusu majimbo nitasema kidogo. Texas haina leseni ya waandaaji wa ritani, lakini inawataka wanaowezesha mikopo ya kutangulia marejesho kujiandikisha katika ofisi ya jimbo inayosimamia mikopo ya watu binafsi. Ukianza kupata wateja wa California, huko mwandaaji asiye na leseni nyingine hujiandikisha na baraza la CTEC na kuweka dhamana ya dola 5,000. Oregon hutoa leseni kwa mtihani. Mteja wa simu anayekaa jimbo jingine hukuletea sheria za jimbo lake pamoja na W-2.

Limebaki jambo moja ambalo hukuuliza, nalo litakukuta. Kwa wateja wanaodai EITC, sheria hairuhusu marejesho kutolewa kabla ya katikati ya Februari, na mara nyingine fedha zinapotoka, serikali huwa imekwisha kukata matunzo ya mtoto au mkopo wa shule kabla hazijafika benki. Mteja aliyesema "kata humohumo" atakuambia kwamba hakuna cha kukata, na kama makubaliano yenu yalisema utalipwa marejesho yakifika, atakuwa na hoja. Kwa hiyo kwenye karatasi yako ya makubaliano, juu ya mahali pa saini, andika kwa Kiswahili anachokielewa: "Ada hii ni malipo ya kazi ya kuandaa ritani. Inadaiwa siku ritani inapokamilika, iwe kuna marejesho au hakuna, na iwe marejesho yamepungua, yamechelewa au yamekatwa kwa deni lingine." Msomee kwa sauti kabla hajasaini.